Kuvu Nyeusi Katika Mguu wa Keji

Wiki niliyokabidhi funguo za maabara, vijana wa kazini waliniomba niwaandikie yale ninayoyajua kuhusu kuvu, kwa kuwa nilikuwa nimebaki mtu pekee pale aliyezipenda. Vitabu vina picha nzuri kuliko maelezo yangu, basi sitaandika kitabu kingine. Nitaeleza jinsi nilivyoingia katika kazi hii, mtu aliyenifundisha, na mguu wa mwanamke mmoja wa Kuluba ambaye nilimpimia nilipokuwa Koboko. Habari za vyeo nimeziacha. Zilikuwa chache, na hazina ladha katika kusimulia.

Mimi ni Hawa, mtoto wa Arua mjini, wa familia ya Waislamu ambao babu zao walikuja na jeshi kutoka Sudani. Nyumbani tulisema Kinubi, dukani Kiswahili, na Kilugbara tulikipata kwa majirani bila kufundishwa. Nilisomea ufundi wa maabara kwa sababu nilipenda koti jeupe. Sijapata kusikia sababu bora kutoka kwa yeyote mwenye umri niliokuwa nao wakati ule, kwa hiyo sioni haya kuitaja.

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali ya Arua nilifika nimelipiga pasi koti hilo mpaka likasimama lenyewe. Mkuu wa chumba alikuwa mzee mfupi aliyezaliwa upande wa Kongo, aliyevuka akiwa kijana, akaoa Arua na kujenga Mvara. Tulimwita Papa Diedone. Miwani yake aliifunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Hakunizungusha kunionyesha vyumba. Alinipa chungwa lililooza, lenye manyoya ya kijani upande mmoja, na penseli, akasema nichore.

Nilichora asubuhi nzima. Nilitia hata kivuli. Alipokuja kuangalia alisema, "Hii iko chungwa. Mi nilisema uchore ile kitu inaikula."

Hapo ndipo aliponifundisha jambo la kwanza, nami nalirudisha kwenu kama nilivyolipokea. Kata kipande cha selotepu inayopitisha mwanga. Kiguse juu ya ukungu taratibu, ukingoni na si katikati, maana katikati ni pazee na utabeba vumbi la mbegu tupu. Kibandike juu ya tone la rangi ya buluu kwenye slaidi, kisha uangalie. Usikwangue kwa sindano kama mtu anayechimba mhogo. Utavunja kila kitu na utabaki kuangalia vifusi. Nilipoinamia hadubini niliona ufagio. Kijiti kilichosimama, kikatawanyika juu kuwa vijiti vidogo, na kila kimoja kimebeba mnyororo wa mbegu za mviringo. Lile vumbi la kijani nililokuwa nimelichukia tangu utotoni lilikuwa mafagio maelfu kwa maelfu, yamesimama wima.

Papa Diedone aliniambia kuwa kuvu ya namna hiyo haina mdomo wala tumbo. Mwili wake ni nyuzi, na uzi hukua kwa ncha yake tu, ukisukuma mbele. Sisi tunaingiza chakula ndani ndipo tunakimeng'enya. Kuvu humwaga vimeng'enya vyake nje, hukiyeyusha chakula palepale kilipo, ndipo hukinyonya. Alisema ni kama mtu anayekaa ndani ya sufuria na kuila mboga kuanzia chini. Mfano huo haumo kwenye mtaala, lakini wanafunzi wangu wote waliuelewa.

Kulikuwa na desturi yake nyingine ambayo iliwachosha wenzetu. Sahani za kupandia vijidudu zilipoota ukungu ulioingia kutoka hewani, watu waliguna na kuzitupa. Yeye alizuia mkono. "Hii iko mugeni," alisema. "Kwanza muulize jina, halafu umufukuze." Kwa hiyo niliwajua wageni wa maabara ile kabla ya kuwajua wagonjwa: ile nyeusi yenye vichwa kama vifimbo vya ngoma, ile ya kijivu inayopanda mpaka kwenye kifuniko, ile ya kijani-njano inayopenda karanga. Hii ya mwisho mwiogope zaidi. Karanga zikishaota ukungu huo zitupeni, msiwape hata kuku, maana sumu inayoiacha haitoki kwa kupika. Nimelisema hilo sokoni Arua mara nyingi kiasi kwamba akina mama wa karanga wakiniona nikija walifunika magunia yao.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya mapunye. Watoto wa shule waliletwa na vichwa vyenye mabaka, tukakwangua magamba, tukang'oa nywele zilizokatikia karibu na ngozi, tukaziloweka kwenye maji makali ya potasi mpaka zikawa laini, kisha tukatafuta mbegu za kuvu zilizojipanga ndani ya unywele. Kazi hiyo inafundisha subira. Alikuja pia bwana mmoja wa Onduparaka, shabiki wa mpira aliyekuwa akilisafisha sikio kwa kifuniko cha kalamu. Sikio lilikuwa limejaa kuvu nyeusi, ile ya vichwa vya vifimbo. Nilipomweleza kwamba kuna kitu kinaota humo ndani, aliuliza jambo moja tu: je, atasikia filimbi Jumamosi? Daktari alimsafisha na kumpa dawa ya matone. Jumamosi alisikia filimbi, na timu yake ikafungwa. Alirudi kunishukuru kwa nusu moyo.

Nilihamishiwa Koboko baada ya hapo, katika hospitali ndogo iliyokuwa na chumba kimoja cha maabara, hadubini moja nzuri na umeme wa kubahatisha. Papa Diedone alikuwa amekaribia kustaafu. Aliniaga kwa kunipa chupa ya ile rangi ya buluu, akasema Koboko watakuwa na kila kitu isipokuwa hiyo. Alikosea kidogo. Hawakuwa na vitu vingine pia.

Keji aliletwa na mumewe kwa baiskeli kutoka kijiji cha Kuluba. Wakati huo alikuwa mwanamke wa makamo, mkulima wa mihogo na karanga, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kuanzia vidoleni mpaka kifundoni, mgumu kama ubao, na juu yake kulikuwa na vitundu vidogo vilivyotoa majimaji. Haukumuuma sana. Hiyo ndiyo hila ya ugonjwa huo: hauumi vya kutosha kumfanya mtu akimbilie hospitali, basi unapewa miaka ya kufanya kazi yake bila kusumbuliwa.

Mume, Wani, ndiye aliyesimulia. Alisema miaka kadhaa nyuma mkewe alichomwa na mwiba shambani. Wakati ule kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba kati ya Keji na Kiden, dada yake Wani, aliyekuwa amerudi kuishi kwa kaka yake baada ya kufiwa na mumewe. Mguu ulipoanza kuvimba na kidonda kutoa punje nyeusi, watu wa nyumbani walisema punje zile si za mwili wa binadamu, mtu amezitia. Wakamtazama Kiden. Kiden alikana, hakuna aliyemsikiliza, akafukuzwa na vitu vyake. Alikwenda kwa wajomba zake upande wa Kongo. Lakini mguu uliendelea kuvimba hata baada ya yeye kuondoka, na hilo halikumfanya yeyote afikiri upya. Walisema ameondoka na dawa ya kuufungua.

Keji mwenyewe aliangalia mguu wake kama mtu anayeangalia mzigo wa mwenzake.

Daktari wa upasuaji, Dakta Adriko, alikuwa akija kutoka Arua siku maalumu. Alikuwa mtu wa kuuliza kabla ya kukata, nami namshukuru kwa hilo mpaka leo. Picha ya mifupa ilionyesha kwamba mfupa mmoja umeanza kuliwa, ila mingine bado. Aliingia maabara akafunga mlango.

"Hawa," alisema, "ugonjwa huu una wazazi wawili. Kuna bakteria wanaojifanya nyuzi, na kuna kuvu yenyewe. Kama ni bakteria, dawa ninayo na naanza leo. Kama ni kuvu, dawa ni nyingine kabisa, naiagiza Kampala, na ataimeza zaidi ya mwaka. Nikikosea, nampa dawa isiyo yake huku mifupa inaliwa, na mwisho nakata chini ya goti. Niambie ni yupi."

Nilichukua majimaji kutoka kwenye kitundu, nikaangalia, nikaona takataka nyingi na hakuna cha kuapia. Nikapanda. Baada ya siku chache sahani ilikuwa ya kijani, nzuri, imechangamka. Ningekuwa mtu mwingine ningefurahi. Lakini nilikuwa nimelelewa na Papa Diedone, nikamuuliza mgeni jina. Alikuwa mgeni wa kawaida wa hewani, aliyetua juu ya kidonda kama anavyotua juu ya mkate. Kitu kilichochukua miaka kuuvimbisha mguu hakiwezi kujaza sahani kwa siku chache. Vijana, hili lishikeni: kuvu inayowahi sana kuota huwa si ile uliyoitafuta.

Nilimwambia daktari kwamba jibu sinalo na kwamba nahitaji kipande cha ndani. Hakukasirika. Alimchoma Keji dawa ya ganzi, akapasua kidogo mbali na vitundu, akanipa kipande cha nyama chenye punje nyeusi, ngumu, kama simsim iliyoungulia kwenye chungu. Nilizitoa kwa kibanio, nikaziosha kwa maji ya chumvi mara kadhaa ili kuondoa kila kilichotoka juu ya ngozi. Moja niliiweka kwenye tone la potasi, nikaipasha juu ya taa ya spiriti bila kuichemsha, nikaikandamiza taratibu kwa kioo cha juu mpaka ikapasuka.

Zilikuwepo. Nyuzi pana, zenye kuta za kugawa vyumba kama mianzi, zimesukana na kushikamana kwa gundi ya rangi ya kahawia. Bakteria wanaojifanya nyuzi huwa wembamba sana, huwezi kuona chumba ndani yao. Hizi zilikuwa na vyumba. Kile ambacho watu wa Kuluba waliita punje ya kutiwa kilikuwa kijiji kizima cha kuvu, kilichojifunga ndani ya ukuta wake mweusi ili kinga ya mwili isikifikie, na dawa nayo isikifikie kwa urahisi.

Daktari alianza kuagiza dawa siku ileile, ila alitaka tuoteshe punje zilizobaki tuone kama sahani itakubaliana na slaidi. Kuvu hiyo hupenda joto la mwili wa binadamu na haina haraka. Kabati letu la joto lilikuwa zuri wakati umeme upo. Umeme ulipokatika niliweka sahani ndani ya sanduku la bati pamoja na madumu madogo ya maji ya vuguvugu, nikafunika kwa blanketi, nikabadilisha maji kila yalipopoa. Mpishi wa hospitali alidhani natotoa vifaranga, na kila asubuhi aliuliza kama wametoka.

Walitoka baada ya wiki nyingi. Kwanza kitone cha kijivu, kisha ngozi iliyokunjamana, ngumu, imejishikilia kwenye chakula chake, na pembeni yake rangi ya kahawia ilisambaa ndani ya sahani kama majani ya chai kwenye maji moto. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeona picha yake kitabuni tu.

Hata hivyo nilipanda gari kwenda Arua. Sahani sikuibeba, kitu kama hicho hakisafiri na abiria. Nilibeba slaidi zilizofunikwa vizuri, nikamchukua Papa Diedone nyumbani kwake Mvara, tukaenda pamoja kwenye chumba chetu cha zamani. Alikuwa tayari amestaafu na jicho moja lilikuwa na ukungu wa uzee. Aliangalia kwa jicho jingine kwa muda mrefu, akisogeza slaidi kidogokidogo.

"Mi naona ile we unaona," alisema. "Sasa ulikuja kufanya nini?"

Nilimwambia nimekuja kwa sababu mguu wa mtu utakatwa kwa neno langu.

"Hapana," alisema. "Juu ya neno yako hawatakata."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Nimekutana na wakubwa wengi katika kazi, lakini hakuna aliyewahi kunituma barabarani nikiwa na moyo mwepesi hivyo.

Keji alianza dawa. Nilidhani sehemu ngumu imekwisha, na hapo nilikuwa najua habari za kuvu kuliko za watu. Baada ya miezi kadhaa uvimbe ulikuwa uleule machoni pake. Daktari aliona mabadiliko kwenye picha, lakini mtu haishi ndani ya picha. Siku moja Keji alikuja kuchukua dawa, akaketi kwenye benchi la maabara, akaniambia kwamba hii ni mara ya mwisho. Alisema dawa za hospitali haziwezi kutoa kitu kilichowekwa na mtu. Alisema analala akimfikiria Kiden, na anaamka akimfikiria Kiden, na amechoka kuwa na watu wawili ndani ya mguu mmoja.

Nilikwenda kumwomba Dakta Adriko ruhusa, kisha nikaweka slaidi yake chini ya hadubini na kumkalisha kwenye kiti changu.

Kwanza hakuona kitu. Kila mtu huona kope zake mwenyewe mwanzoni. Nilimwambia asogee nyuma kidogo, afungue macho yote mawili, asihangaike. Nilizungusha skrubu taratibu. Nilijua amefika kwa sababu mabega yake yalitulia.

"Iko kama mizizi," alisema.

"Ndiyo. Hiyo iko ndani ya mguu yako."

"Iko hai?"

"Iko hai. Inakula polepole. Dawa inaifanya ichoke, lakini ukiacha dawa itapata nguvu."

Alibaki ameinama. Baadaye akauliza bila kuinua kichwa, "Nani aliiweka?"

"Mwiba," nilisema. "Kuvu hii inaishi kwa udongo, na kwa miiba. Mwiba ilikuchoma, ikaingiza udongo, na kuvu ikajikuta ndani. Haikujua kama wewe ni Keji."

"Kiden hawezi kuitengeneza?"

"Mama, mimi nimesomea kitu hii. Nilikuwa na punje zake mkononi, nilikuwa na chakula yake, nikaipashia maji kama mtoto mchanga. Na bado karibu inishinde kuipanda. Kiden aliipanda na nini?"

Aliinua uso, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akaangalia tena. Aliangalia mara nyingi. Nilikuwa na foleni ya watu wa malaria nje, nikawaacha wangoje; nadhani kama wangejua wangekubali. Mwishowe aliinuka, akachukua dawa zake na kuzifunga vizuri kwenye kitenge.

"Basi tulimufukuza bure," alisema.

Hakuacha dawa tena. Wani alizileta mwenyewe mara nyingine mvua ilipoharibu njia. Uvimbe ulilainika, vitundu vikafunga kimoja kimoja, na ulipokuwa umejikusanya mahali pamoja Dakta Adriko alitoa donge lililobaki na ule mfupa mmoja ulioharibika. Keji alimeza dawa muda mrefu baada ya hapo, maana kuvu ikiachiwa hata uzi mmoja huanza upya. Mguu haukurudi kuwa kama mwenzake. Ulibaki mnene na wenye makovu. Lakini ulikuwa wake, na uligusa ardhi.

Alipoweza kutembea vizuri alikuja Koboko siku isiyo ya kliniki. Aliniomba niende naye kwa Kiden. Nilisema hilo ni jambo la familia, aende na mumewe. Alisema mumewe anaona haya, na yeye mwenyewe akienda peke yake atasema samahani, lakini hataweza kueleza samahani ya nini. "Wewe ndiyo uliona," alisema.

Tulichukua bodaboda mbili, tukavuka mpaka wa Kongo kwa njia ya wakulima ambayo kila mtu wa pande hizo anaipita kwenda kusalimia ndugu. Tulimkuta Kiden akipalilia karanga. Alikuwa mwembamba, mkubwa kuliko Keji kwa umri. Alitutazama, akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, ndipo akaweka jembe begani na kuja. Alitutandikia mkeka, akatuletea maji. Yeye alibaki amesimama.

Keji alisema aliyokuja kusema, kwa Kikakwa, lugha yao, na sikuyafuata yote. Kisha akanigeukia. Nilieleza habari ya mwiba, udongo na nyuzi, kwa Kiswahili chetu cha kawaida, bila jina hata moja la kitabuni. Nilisema nimeiona kwa macho yangu na mwalimu wangu ameiona, na kwamba hakuna mkono wa mtu ndani yake. Kiden alisikiliza akiutazama mguu.

Nilipomaliza alimuuliza Keji, kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Ile siku walitupa vitu yangu nje, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani ya nyumba," Keji alisema.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, wifi."

Kiden alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepata jibu la kipimo alilokuwa akilisubiri. Nilidhani atatufukuza, na nisingemlaumu. Aliinama akaangalia kovu kwa karibu, kisha akaangalia ndara za plastiki alizovaa Keji.

"Na hiyo kitu bado iko kwa udongo?" aliniuliza.

Nilisema ipo, popote penye miiba.

Akaingia ndani, akatoka na buti zake za mvua, nyeusi, zenye matope ya shambani. Keji alivaa ya kushoto. Ya kulia haikuingia, mguu ulikuwa mnene mno. Kiden alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu tufike, akachukua kisu cha jikoni, akaipasua buti yake ubavuni kutoka juu mpaka karibu na kifundo, akaishika wazi kwa mikono miwili mpaka mguu ukaingia. Kisha akaifunga kwa kamba ya katani. Alimwambia asitembee tena shambani na ndara.

Kurudi alikataa. Alisema kaka yake ndiye aliyemtoa, basi kaka yake ndiye atakayekuja kumrudisha, kwa miguu yake na mbele ya watu. Wani alichelewa, lakini alikwenda. Baada ya mavuno Kiden alirudi Kuluba, akapata nyumba yenye mlango wake mwenyewe na sehemu yake ya shamba.

Papa Diedone alifariki nikiwa bado kazini. Nilikuwa nimeshamsimulia habari ya buti. Aliniuliza kama niliigusisha selotepu ukingoni mwa ukungu au katikati siku ile ya kwanza, nikamwambia ukingoni, akaridhika. Kwa mtu yule nina shukrani ambayo sijui niipeleke wapi sasa, ndiyo maana naileta kwenu.

Mwezi uliopita, nikiwa sina kazi ya kuniita, nilikwenda Kuluba kusalimia. Niliwakuta Keji na Kiden uani na rundo la mihogo iliyomenywa, iliyorundikwa na kufunikwa majani ili iote ukungu. Nyumba nyingi za huku hufanya hivyo: kuvu huilainisha mihogo na kupunguza sumu ya uchungu, kisha hukwanguliwa, mihogo ikaanikwa na kusagwa. Nimeishi na hadubini maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kukaa na kungoja rundo liwe tayari. Kiden alifunua majani akanionyesha manyoya meupe na meusi, akaniambia leo bado, kesho. Nilitafuta selotepu mfukoni kwa mazoea. Sikuwa nayo, nikacheka, nikaangalia kwa macho tu.

Tulikula ugali wa unga wa rundo lililotangulia, mweusi kidogo, unaovutika, pamoja na majani ya kunde. Jua lilipopungua Keji alisema atanisindikiza mpaka kwenye boda. Ni mwendo wa kupanda na kushuka, na kuna kijito katikati. Alibeba mfuko wa unga walionipa, akatangulia, akanishika mkono kwenye mawe ya kijito. Tulipofika barabarani, kijana mmoja wa boda, aliyekuwa amesikia habari za ule mguu na kututazama tukija, alishuka kwenye pikipiki yake, akaisogeza karibu, akauliza kwa heshima ni mama yupi kati yetu mwenye mguu mbaya, ili amsaidie kupanda. Keji akaninyooshea kidole mimi.